Shukrani kwa Papa mvuvi wa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu

Papa, jina lako sikulipata, lakini nakushukuru mbele ya watu wote. Jioni ile, karibu na kisiwa cha Idjwi, upepo wa Ziwa Kivu ulivuma kwa nguvu, kamba ya kupandishia tanga ikakatika, tanga la mashua yetu likaanguka majini. Mlikuwa mnakwenda kuvua, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa bado hazijawashwa. Mkageuza! Ukaiunga ile kamba kwa fundo ambalo hadi leo sijalifungua, kisha mkatuvuta, mimi na mwanangu, hadi penye maji matulivu. Pesa ulikataa, na saa zenu za kuvua zilikuwa zimeshapotea kwa ajili yetu. Ukifika bandarini Bukavu, uliza mwenye mashua ya tanga jeupe. Mama watoto anataka kukupikia.