Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Picha za Kuchapa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kutazama kazi za vijana.

Mheshimiwa, mwaka huu tumejikita katika picha moja: Hector akimuaga mkewe Andromache, iliyobuniwa na mchoraji Mfaransa Antoine Coypel na kuchongwa kwenye bamba la shaba na Nicolas-Henri Tardieu (1674–1749). Kisa chenyewe ni cha Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale. Hector, ngao ya mji wa Troy, anakutana na mkewe langoni. Andromache anamsihi asirudi vitani, kwani Achilles, shujaa wa maadui Wagiriki, amekwisha kumuulia baba na kaka zake saba, na sasa mumewe ndiye baba, mama na kaka. Hector anamnyooshea mwanawe mikono. Mtoto anajificha kifuani kwa yaya akilia, kwa kuogopa kofia ya shaba yenye shungi la manyoya ya farasi. Wazazi wanacheka. Hector anaivua, anaiweka chini, ndipo anambeba mwanawe na kumbusu. Shujaa anayetisha majeshi inambidi avue vita kichwani ili mwanawe amkubali! Ndiyo maana hatukuchagua picha ya mapigano, ingawa wapo wenzetu waliozitaka.

Ufundi nao ulitushika. Mchongaji husukuma patasi kwa kiganja, ikaacha mfereji mwembamba kama unywele. Giza lote ni mistari iliyosongamana na kupishana. Penye nuru bamba huachwa tupu. Wino hujazwa mifereji, bamba hufutwa, kisha karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake kwa rola. Na kwa kuwa picha hutoka kinyume, mchongaji asipoigeuza kwanza, shujaa atashika mkuki kwa mkono wa kushoto.

Mheshimiwa, sisi shaba hatuna. Tumechonga mbao laini na kuchapa kwa kusugua karatasi kwa mgongo wa kijiko. Ukifika kwenye uso wa Andromache utaona kivuli cha shavu kimepauka; kijiko hakina nguvu ya rola.

Kwa hiyo tunaomba utusaidie kupata mashine ndogo ya kuchapia, mabamba machache ya shaba na patasi zake. Chumba kipo, Mkuu wa Shule ametuachia stoo ya zamani, nasi tumekwisha kuipaka chokaa.

Karibu sana utazame kazi zetu. Tunaomba kuwasilisha.