Kalenga inastahili zaidi ya nusu saa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai yangu kuhusu Kalenga, kijiji kilichopo kando ya mto Ruaha Mdogo, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini. Magari yanayokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hukipita yakiwahi tembo na simba. Wageni wachache wanaoingia huonyeshwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale makumbusho, husaini kitabu, huyoo wanaondoka.

Fuvu lile ni jambo zito, sibishi. Mkwawa alijiua Mlambalasi Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, nao wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilitoe fuvu hilo, lakini lilirudi Uhehe mwaka 1954 tu, likapokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Ninachosikitikia ni kwamba tunaonyesha kifo chake, mji wake tunauacha. Kalenga ilikuwa makao makuu ya dola, yenye ngome ya mawe iliyojengwa kwa nguvu za Wahehe wenyewe. Walikuwa wameshawapiga Wajerumani pale Lugalo Agosti 1891, kamanda wao Zelewski akauawa. Ilibidi Wajerumani wajipange upya kwa miaka mitatu, waje na mizinga, ndipo ngome ikaanguka Oktoba 30, 1894.

Masalia ya ukuta ule yapo hadi leo, katikati ya makazi na mashamba. Ukimpata mzee wa pale akakutembeza, kijiji chote kinabadilika machoni pako: unaelewa kwa nini mtawala alichagua kukaa karibu na maji, adui aliingilia upande gani, na watu walikimbilia wapi. Bila mzee huyo utayakanyaga mawe ya ngome ukidhani ni mawe tu. Na wazee hao hawatakaa nasi milele. Simulizi zao zirekodiwe sasa, kwa Kihehe na kwa Kiswahili.

Naziomba mamlaka za mambo ya kale na halmashauri zishirikiane na serikali ya kijiji kuuweka wazi mstari wa ukuta kwa vigingi na mabango ya Kiswahili, na kufungua njia ya miguu kutoka makumbusho hadi mtoni. Vijana wa Kalenga wafundishwe kuongoza wageni, na sehemu ya kiingilio ibaki kijijini. Wenye mashamba yanayopitiwa na ukuta washirikishwe tangu mwanzo, maana bila wao hakuna kigingi kitakachodumu.

Upimaji wa mstari huo wa ukuta ufanyike kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijaanza, wakati majani ni mafupi na mawe yanaonekana.

Mwalimu mstaafu,
Iringa