Tusiimwagie maji michoro ya Kolo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu jambo nililoliona wilayani Kondoa mwezi uliopita.

Nilifika Kondoa mjini jioni, nikalala, na asubuhi nikapanda gari la kwenda Babati nikashuka Kolo. Siku hizi ni lami tupu, na labda ndiyo maana mabasi ya Arusha yanapita pale kasi, hakuna abiria anayegeuza shingo. Kumbe milimani, juu ya kijiji hicho, iko michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Mapango yenyewe si mashimo marefu. Ni miamba iliyoinama mbele kama kibaraza, na ukutani kuna twiga, tembo, na watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa, wote kwa rangi nyekundu ya udongo. Michoro myeupe ni ya baadaye, na mahali pengine imepita juu ya ile myekundu. Mwaka 1951 Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja huku kuinakili kwa mkono. Nilisimama mbele ya twiga mmoja kwa muda mrefu, sikutaka kuondoka.

Hapo ndipo kijana mmoja wa kundi letu alipofungua chupa ya maji na kuumwagia mwamba, ili rangi ing'ae kwenye picha ya simu. Kiongozi wetu alimkemea, lakini maji yalikwisha kutiririka. Na kweli, rangi iliwaka kwa dakika chache. Mtu akiona hivyo hudhani ameusafisha mchoro, kumbe anaufukia. Maji yakiingia kwenye mwamba huyeyusha chumvi iliyomo ndani. Mwamba ukikauka, chumvi ile hutoka na kuganda juu ya rangi kama utando mweupe. Mgeni wa kesho anakuta mchoro umefifia, naye anamwaga maji mengi zaidi.

Siwasemi wenyeji. Wanaopanda Mungomi wa Kolo, mojawapo ya mapango hayo yenye michoro, kutambika na kuomba mvua walikuwapo kabla ya tiketi na simu, na mila zao ni sehemu ya urithi wenyewe. Wanaochimba chini ya miamba wakitafuta hazina eti iliyofichwa na Wajerumani, hao wana kesi yao. Mimi nalia na sisi wageni, tena wengi wetu Watanzania, tunaokuja kwa mapenzi mema na chupa mkononi.

Ombi langu ni dogo. Kila mgeni aambiwe kabla ya kupanda, kwa Kiswahili, kwamba maji ni ya kunywa tu, na aelezwe sababu, kwa kuwa katazo lisilo na sababu husahaulika njiani. Walimu wanaopeleka wanafunzi wawaeleze tangu darasani.

Na anayetaka picha nzuri amwombe mwenzake asimame akinge jua kwa kanga au mwavuli, kivuli kienee mwamba mzima. Nilifanya hivyo kwa yule twiga, akatoka wazi kabisa, hadi shingo yake ndefu.

Msomaji wako,
Dodoma