Laptopu inaganda? Angalia brauza kabla hujanunua RAM

Wateja wetu wengi wakifika tu dukani ni "fundi niongezee RAM, mashine imekua nzito". Sawa, RAM (memori ambayo mashine inafanyia kazi) tunauza na hela tunaitaka, ila ukiiwasha hiyo laptopu unakuta ina GB 4, brauza ya Chrome imefunguliwa kurasa ishirini na kitu, YouTube, imeili, Facebook, matokeo ya mechi ya wiki iliyopita, zote ziko hewani na feni inalia kama mashine ya kusaga.

Chrome sio mbovu jamani. Yenyewe kurasa nyingi inaziendesha kila mmoja kivyake kwenye memori, ndo maana mmoja ukiganda zingine zinaendelea, ila RAM ndo inalipia. Jaribu sasa hivi, ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc kwa pamoja, itakuja orodha ya nani anakula kiasi gani, mlafi unamzima hapo hapo. Alafu ingia setingi, Performance, washa Memory Saver.

Edge je, brauza inayokuja na Windows? Watu wanaidharau, wakishaweka Windows wanaitumia kudaunlodi Chrome basi kazi yake imeisha 😂 wakati tangu 2020 imejengwa juu ya Chromium, msingi ule ule wa Chrome, na kurasa usizozigusa inazilaza yenyewe, PDF inafungua na unaweza kuandika juu yake. Kwa mashine ya GB 4 sisi tunakuwekea hiyo.

Kama kinachokukera ni matangazo, nenda brauza ya Firefox uweke uBlock Origin, nyongeza ya kuzuia matangazo. Chrome imeshaifungia ile kamili, imebaki Lite tu. Na wa Windows 7 mpo bado tunawaona, Chrome yenu iliishia toleo la 109 mwaka 2023, Firefox 115, hameni tu hiyo Windows.

Kwenye simu, bando likiwa dogo brauza ya Opera Mini bado iko vizuri kwasababu seva zao zinabana ukurasa kabla haujakufikia, shida ni fomu za kujaza, kuna zingine zinagoma kabisa, hizo fungulia Chrome. Ile Lite mode ya Chrome iliyokua inabana data iliondolewa 2022 so usiitegemee.

Na wale mnaoletewa "kompyuta yako ina virusi" pale kwenye kona ya skrini, mara nyingi hamna kirusi hapo, kuna saiti ulibonyeza Allow bila kusoma, ndo inakutumia hayo. Ingia setingi za Chrome, Site settings, Notifications, futa usiyoijua.

Ukifanya yote hayo na bado inaganda ilete tuicheki. Ila usinunue RAM mtandaoni kabla hatujaifungua, laptopu zingine RAM imechomelewa kwenye bodi na haina nafasi ya kuongeza.