Barua kwa binti yangu aliyeniuliza kama muziki ulimwokoa

Kisumu Ndogo, Korogocho, Nairobi
Jumapili, saa tatu usiku

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila moshi wa dampo la Dandora umezidi wiki hii na kifua cha nyanya yako kinamsumbua. Mdogo wako yuko sawa, anakula kama mchwa.

Alhamisi ulinipigia nikiwa kwenye karai, mafuta yamechemka na wateja wamesimama, nikakujibu vibaya. Uliniuliza, "Mama, ni kweli muziki uliniokoa?" Nikakuambia anayeokoa ni Yesu, mimi nauza samaki, piga baadaye. Hukupiga. Basi nimechukua daftari la madeni, nimeligeuza upande wa nyuma, naandika.

Swali hilo najua limetoka wapi. Huko chuoni wamekuomba usimulie maisha yako mbele ya wageni, na uliposema Korogocho wakataka dampo litangulie na vayolini ifuate. Si mara ya kwanza. Nakumbuka yule mtu wa kamera, ulipokuwa darasa la saba, aliyetaka usimame na vayolini juu ya takataka, wewe ambaye hujawahi kuokota hata chupa moja kule. Nilimfukuza na mwiko mkononi. Hukulelewa dampo. Umelelewa kwenye ploti ya milango kumi na miwili, na mama muuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa. Kwenye picha tofauti hiyo haionekani, lakini mimi naijua, na wanaookota kule wanaijua pia, wala hawapendi kufanywa pazia la picha za watu.

Sisemi dampo halituhusu. Lilianza mwaka 1975, mwaka 2001 likatangazwa limejaa, na hadi leo malori yanapanda na ndege makorongo wanayasubiri. Mwaka 2007 ulikuwa na miaka mitatu. Watu wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walipima damu ya watoto 328 wa karibu na dampo, na nusu yao wakakutwa na risasi mwilini kupita kiwango kinachokubalika. Habari zilipofika kwenye foleni ya maji, mama mmoja akauliza ni polisi gani waliopiga watoto wengi hivyo. Tulicheka. Halafu tukanyamaza, kila mtu na mtungi wake. Tulielezwa baadaye kuwa ni ile risasi ya betri na rangi, inayoingia polepole. Lakini neno ni hilo hilo moja, na mtaa wetu unazijua risasi zote mbili.

Sasa nikwambie nilichokiona mimi mwenyewe.

Ghetto Classics, ule mradi wa kufundisha watoto muziki, ilianza pale kanisani St. John's mwaka 2008, Elizabeth Njoroge na watoto wachache tu. Mimi wala sikujua. Nilijua kanisa lina kelele mchana. Ulikuwa na miaka tisa ulipokuja kuniambia umejiandikisha kwenye muziki, nikadhani kwaya. Kwaya naielewa. Badala yake ukaanza kugonga kifuniko cha sufuria na kijiko, "taa, ta-te, tafa-tefe, taa," asubuhi na jioni, mpaka jirani wa mlango wa tano akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Nikakuuliza chombo kiko wapi. Ukasema chombo bado, kwanza makofi. Wiki kadhaa ni makofi tu! Nikajiambia, hawa wamewapata watoto wa kuchezea.

Baada ya makofi ikaja penseli. Ukawa unakaa mlangoni umeshika penseli, kidole kidogo kimekunjwa juu yake, unaipeleka hewani kwenda na kurudi, ati ndiyo upinde wa vayolini. Mimi darasa la nane nilifanya mtihani wa sanaa na muziki, enzi hizo ulikuwapo. Nilichora noti kwenye mistari mitano na kuzipa majina, na sikuwahi kusikia hata moja wapo ikilia, kwa sababu shule yetu haikuwa na chombo zaidi ya ngoma ya gwaride. Nilikuwa na karatasi bila chombo, na wewe sasa unajifunza chombo kwa penseli. Nilikuonea huruma. Kumbe wa kuonewa huruma nilikuwa mimi.

Siku ulipoleta vayolini yenyewe nyumbani, ile ya kuazimwa, uliifungua kwenye kitanda cha nyanya yako. Ukaivuta. Ililia kama mlango wa choo cha ploti. Nyanya yako akainuka akakaa, akasema, "Kumbe ni orutu." Hukumwelewa. Akakueleza habari za kaka yake huko Siaya, aliyepiga orutu kwenye matanga usiku kucha: uzi mmoja tu, kipande kidogo cha mti kilichochongwa ndani kimewambwa ngozi ya kenge, unakiegemeza kiunoni na kusugua na upinde. Akasema hii yenu ina nyuzi nne na mtu anailalia shingoni kama mto, lakini ni ukoo mmoja. Kisha akaongeza kitu ambacho hakuwahi kunieleza mimi mwanawe. Alipokuwa msichana alitamani nyatiti, ile ya nyuzi nane, na alichapwa kwa kuigusa, maana nyatiti ilikuwa ya wanaume. Kuanzia siku hiyo akawa askari wako. Mtu akilalamika kelele, yeye ndiye anayejibu kupitia dirishani, na unajua mdomo wake.

Wageni hawamuulizi nyanya yako chochote. Wanadhani hizo nyuzi zilishuka kwenye ndege.

Mwalimu wenu alituita wazazi siku moja, akatuambia habari za Venezuela. Mwaka 1975, ule ule dampo letu lilipoanza, mtu mmoja jina lake José Antonio Abreu aliwakusanya vijana kumi na mmoja kwenye gereji mjini Caracas, wakaanza okestra, na ikazaa nyingine hadi wakawa mamia ya maelfu. Wazazi tulipiga makofi. Miaka kadhaa baadaye nikasikia kwenye redio kwamba watu wa Venezuela wanahama nchi kwa njaa, nikawaza, basi okestra haijazi ghala. Sikukwambia wakati ule kwa sababu ulikuwa na mtihani. Leo nakwambia, kwa kuwa umeuliza.

Muziki haujawahi kulipa kodi ya nyumba hii. Imelipwa na mgongo wazi na omena. Ile miezi uliyofundisha wadogo na kupewa kitu kidogo ulininunulia gesi, sijasahau, lakini ni mtungi mmoja.

Kilichokuwapo ni saa kumi. Wewe hujawa mama, kwa hiyo saa kumi huijui. Shule zimefungwa, mimi ndiyo kwanza nawasha moto, kwa sababu samaki wa jioni huuzwa watu wanapotoka kazini, na siwezi kuwa nyumbani kabla ya saa mbili. Kati ya saa kumi na saa mbili mtaa ni wa mwenye kuuchukua. Pale kona kuna chang'aa, huku kuna vijana wenye pikipiki isiyojulikana imetoka wapi, na kuna baba fulani anayewapa wasichana chipsi. Nilikuwa nageuza samaki na roho iko nyumbani. Ulipoanza kwenda St. John's, roho ikarudi kwenye karai. Ndiyo hiyo tu, mwanangu. Kwa mtu wa nje haionekani ni jambo la kuimbiwa.

Utasema mpira nao ungefanya kazi hiyo. Nimewaza sana, maana binamu zako wako kwenye mpira na sina neno nao. Lakini mpira una siku ya bahati. Unaweza kukosa mazoezi wiki nzima, ukaingia, ukafunga, ukabebwa. Wewe nilikuona ukirudia kipande kimoja kisichozidi urefu wa "Baba Yetu uliye mbinguni," jioni ya kwanza, ya pili, ya nane, unakosea pale pale. Ulilia. Ukaifunga, ukaifungua. Siku ya tisa ikapita. Hakuna aliyekuona isipokuwa mimi na panya. Ulipokuja kusoma madawa na vipimo huko uuguzi na kunipigia kwamba umeshindwa, sikuogopa. Niliijua ile siku ya nane.

Na kuna mara ile uliyopata homa siku tatu. Akaja mtoto mdogo, kamasi zinamtoka, akasimama mlangoni akasema, "Mwalimu anauliza, sauti ya pili imepungua." Mtaani kwetu mtu anaweza kupotea wiki asiulizwe. Wewe ulikosa siku tatu ukaulizwa, tena si kwa jina lako, kwa sauti yako.

Nacheka bado nikikumbuka tamasha lenu la kwanza kule mjini. Nimevaa ile leso mpya, nimekaa mbele. Mmoja akapuliza sauti ndefu, wote mkaifuata, ikapanda ikashuka, ikanyamaza. Nikasimama nikapiga makofi peke yangu ukumbi mzima. Ulinieleza kwenye matatu kwamba hapo mlikuwa mnalinganisha nyuzi tu. Mimi mpaka leo nasema ile ilikuwa nzuri kuliko wimbo wenyewe. Na wakubwa wenu walipompigia Papa Francis mwaka 2015, Korogocho nzima ilijifanya ina mtoto kwenye okestra, hata wale waliokuwa wakiwatupia maneno mkipita na makasha mgongoni.

Sasa yule kijana wa tarumbeta. Najua hutaki nimtaje, na jina lake sitaliandika. Alipiga miaka minne. Alipiga vizuri kukushinda, ulisema mwenyewe. Alikuwa na saa kumi kama wewe, alikuwa na mwalimu yule yule, na bado risasi ilimpata, si ile ya polepole. Mama yake hununua samaki kwangu kila Alhamisi. Ukisimama mbele ya wageni ukasema muziki uliniokoa, ni kama unamwambia yule mama kwamba mwanawe hakupiga kwa bidii. Hiyo ndiyo sababu nilikujibu vibaya kwenye simu. Yeye ndiye aliyekuwa amesimama mbele ya karai.

Siku alipozikwa mlipiga makaburini, na ile sehemu ya tarumbeta mkaiacha wazi, mkahesabu kimya mpaka ikapita. Sikuelewa kwanza. Nilidhani mmesahau. Mama yake alielewa kabla yangu, kwa sababu alizoea kuisikia nyumbani.

Basi waambie ulijifunza vayolini. Inatosha. Waambie nani alikufundisha, kwa miaka mingapi, na kwamba nyanya yako alichapwa kwa nyatiti. Wakitaka dampo, waelekeze barabara, malori yanaijua. Wasikuulize wewe habari zake, waulize mbona lilijaa 2001 na bado liko.

Ile mvua ya Aprili 2024, maji yalipoingia ndani usiku, nilikukuta umepandisha vayolini juu ya kabati kabla ya godoro, kabla ya unga, kabla ya vyeti vyangu vya kliniki. Nilikufokea. Godoro lilikauka wiki mbili likabaki na harufu, unaijua. Sijawahi kukuomba msamaha kwa yale niliyosema usiku ule. Nakuomba sasa.

Kuhusu kuacha kupiga kwa sababu masomo yamekuwa mengi, fanya unavyoona. Uuguzi ni kazi, na wagonjwa hawangojei mtu amalize wimbo. Ulirudisha chombo kikiwa kizima, huna deni la mtu.

Nyanya yako anasema ukija likizo upitie Siaya, orutu ya kaka yake bado imetundikwa ukutani kwa binamu zake, haina uzi. Nauli nitatuma Ijumaa, isipokuwa samaki wapande bei tena.

Halafu kitu kingine. Mdogo wako amepewa vayolini, ndogo, ya robo. Wiki tatu za makofi amezimaliza, na penseli zote za nyumba hii zimekuwa upinde. Jana alisugua nyuzi saa nzima, hakuna sauti, akalia akisema ni mbovu. Nikakumbuka kwamba wewe ulikuwa unapaka kitu kwenye upinde kwanza, kile kipande cha ulimbo kilichofungwa kitambaa cha kijani. Tumepekua kabati, tumepekua chini ya kitanda, hata kwenye kopo la chumvi. Uliuweka wapi? Nijibu kabla ya kesho saa kumi.

Mama yako