Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025: Sahara Magharibi Bado Inadai Kura Yake

Ndugu wanachama,

Nianze na lililotuumiza. Tarehe 31 Oktoba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2797 kwa kura 11. Urusi, China na Pakistan hazikuegemea upande wowote. Algeria haikushiriki kupiga kura. Azimio linahusu Sahara Magharibi, koloni la zamani la Hispania ambalo sehemu kubwa yake inashikiliwa na Moroko. Linaitaja haki ya Wasahrawi, wenyeji wa nchi hiyo, ya kujiamulia mambo yao, ila linataka mazungumzo yaanzie kwenye mpango wa Moroko, yaani wajitawale kwa mambo ya ndani huku bendera ikibaki ya Moroko.

Baadhi yenu mlinipigia simu mkiuliza kama chama bado kina kazi. Kazi ipo, tena nyingi. Azimio hilo halikuipa Moroko umiliki wa ardhi ile. Tangu 1963 Sahara Magharibi imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya maeneo yasiyojitawala, na haijaondolewa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Oktoba 1975 kwamba yapo makabila yaliyokuwa na utii kwa Sultani wa Moroko, lakini utii huo haukuifanya nchi kuwa yake. Tangu 1991 Wasahrawi wameahidiwa kura ya maoni ya kuchagua kati ya uhuru na kuwa sehemu ya Moroko. Ilikwama kwenye daftari la wapiga kura: nani Msahrawi, nani mhamiaji. Wakimbizi wanaosubiri huko Tindouf, Algeria, wamezipa kambi zao majina ya miji ya kwao: Laayoune, Smara, Dakhla. Kuna watu wazima waliozaliwa Smara ya mahema ambao hawajaitia machoni Smara yenyewe.

Kazi iliyonipa faraja zaidi mwaka huu ni darasa letu la hukumu ya Mahakama ya Afrika, Arusha, ya Septemba 2022. Tanzania yetu, iliyoitambua Jamhuri ya Wasahrawi, dola waliyojitangazia wenyewe, tangu 1978, ilikuwa miongoni mwa nchi nane zilizoshtakiwa kwa kukubali Moroko irudishwe Umoja wa Afrika. Shauri lilishindwa, na wengi huishia hapo. Tulisoma aya kwa aya, tukakuta majaji wamesema wazi kwamba Moroko inaikalia nchi hiyo na kwamba mataifa ya Afrika yana wajibu wa kuwasaidia Wasahrawi wapate haki yao. Nawashukuru vijana waliotuandalia muhtasari wa Kiswahili.

Tulijadili pia hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ya 4 Oktoba 2024, iliyothibitisha kubatilishwa kwa maamuzi ya Ulaya ya kuridhia mikataba ya uvuvi na mazao na Moroko iliyohusisha Sahara Magharibi. Tume ya Ulaya ilijitetea kuwa iliwauliza wakazi. Majaji wakasema wakazi wa leo na wananchi wenye haki si kitu kimoja. Sehemu kubwa ya wananchi hao wako nje. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja yetu yote: aulizwe mwenye nchi.

Mweka hazina atasoma hesabu. Ada zimesuasua, tafadhali lipeni.

Muda wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliopelekwa Sahara Magharibi kuandaa kura hiyo unaisha 31 Oktoba 2026. Napendekeza kabla ya hapo tuwasilishe waraka Wizara ya Mambo ya Nje, tukiomba Tanzania isilegeze msimamo wake wa 1978. Rasimu iko kwa katibu. Maoni yenu yamfikie kabla ya mwisho wa Februari.