Diski mpya ipimwe kabla ya kubebeshwa mafaili

Ndugu Mhariri,

Eksteno, yaani diski ya nje ya kuhifadhia mafaili, inanunuliwa Kariakoo asubuhi, jioni imeshabeba video za harusi za watu au hesabu za SACCOS, na kwenye kompyuta mafaili yameshafutwa ili kupata nafasi. Dukani ilichomekwa, ikaonekana, wimbo mmoja ukanakiliwa ukacheza: basi, nzima hiyo. Jaribio hilo limegusa megabaiti chache tu za diski ya terabaiti nne. Hata kuifomati kwa haraka huandika faharasa peke yake. Na diski haijui kwamba sekta yake fulani (kipande kidogo cha kuhifadhia data) ni mbovu mpaka iambiwe kuisoma au kuiandika, ndiyo maana ubovu wa kiwandani, au wa kurushwarushwa safarini, hujitokeza siku faili linapotakiwa.

Mwenye kazi nyeti aipime wakati muda wa kurudisha haujaisha. Chomeka diski kwenye kompyuta yenye Linux; hata ile inayowashwa kutoka kwenye flashi inatosha. Kwenye dirisha la amri (terminal) andika lsblk uone jina lake, na uhakikishe ukubwa na modeli mara mbili, kwa sababu kinachofuata hufuta kila kitu, na ukikosea herufi moja umefuta diski ya kompyuta yenyewe. Kisha soma hali ya afya: sudo smartctl -a /dev/sdX, ambapo X ni herufi ya diski yako (kwa baadhi ya maboksi ya USB ongeza -d sat). Itakuja orodha ya vipimo vyenye namba. Namba 9 ni saa ambazo diski imewashwa tangu itengenezwe. Mpya huwa na sifuri au saa chache. Yenye maelfu imetoka kwenye kazi ya mtu mwingine. Ila sifuri nayo huchezewa: mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani zilibainika diski za Seagate zilizokwishatumika, saa zake zikafutwa, zikauzwa kama mpya. Kwa diski za Seagate, smartctl toleo la 7.4 na yaliyofuata husoma daftari jingine la saa hizo, lililomo ndani ya diski, kwa -l farm. Saa zikipishana sana, irudishe.

Andika pembeni namba 5 (sekta mbovu zilizobadilishwa), 197 (zinazotiliwa shaka), 198 (zisizosomeka) na 199 (makosa ya mawasiliano kwenye waya), halafu anza jaribio lenyewe: sudo badblocks -b 4096 -wsv /dev/sdX. Programu hii huandika mpangilio mmoja wa biti kwenye diski nzima, huisoma yote na kulinganisha, kisha hurudia kwa mipangilio mingine mitatu. Kwa jumla diski inapitiwa mara nane. Kwa wastani wa megabaiti 150 kwa sekunde, diski ya terabaiti nne hutumia saa saba na nusu hivi kila mara, yaani siku mbili na nusu mpaka mwisho. Kwenye mlango wa USB 2 ni siku kumi, usijisumbue. Hiyo -b 4096 usiiache. Bila hiyo vipande huwa vya baiti 1024, na programu hugoma diski ikizidi terabaiti 4.4 hivi.

Umeme na joto ndivyo vinavyoharibu kazi. Zima usingizi wa kompyuta, tumia UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) kama ipo. Kama haipo, pima kwa vipande: mwishoni mwa amri weka namba ya bloku ya mwisho, kisha ya kwanza (ndiyo, kinyumenyume). Joto ni namba 194. Diski nyingi kikomo chake ni nyuzi 60, lakini ikipita 50 ielekezee feni. Boksi la plastiki lisilo na matundu, Dar es Salaam mwezi wa Februari, halipumui.

Ikimaliza, endesha sudo smartctl -t long /dev/sdX, diski ijikague yenyewe, subiri saa zake, kisha soma namba upya. Badblocks ikitaja hata bloku moja, au 5, 197 au 198 ikatoka kwenye sifuri, usibembeleze, irudishe. Namba 199 ikipanda, mara nyingi mkosaji ni waya: badilisha. Haitashuka tena, wewe angalia tu kama inaendelea kupanda.

Kwa flashi na memori kadi badblocks hudanganywa. Zile bandia zenye gigabaiti 8 zinazojitangaza 512 huandika data mpya juu ya ya zamani, na kwa kuwa mpangilio ni uleule kila mahali, kosa halionekani. Huko tumia programu za f3write na f3read, au H2testw kwenye Windows. SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) nayo iandike yote mara moja na kuisoma, inatosha. Kuirudia kunaila bure.

Wauzaji nao watusaidie kwenye risiti. Siku tatu za kurudisha hazitoshi: diski ya terabaiti nane hupimwa kwa siku tano.

Fundi kompyuta,
Dar es Salaam